Kichezeo cha Mtoto Mchanga ni Chombo cha Kulia

Kiswahili kimejaliwa vitenzi vya usafi tele. Mtu hunawa uso na mikono, na huoga, au hukoga kama tusemavyo sisi wa Mvita. Vyombo huoshwa, nguo hufuliwa, na kilichokwisha kuoshwa au kufuliwa husuuzwa. Meza hupanguswa, sakafu hupigwa deki, ua hufagiwa. Atokaye msalani huchamba, na aendaye kuswali hutawadha. Kila kitenzi kina mahali pake, na mtu atakayesema kwamba amefua sahani atachekwa hata na watoto wa chekechea. Hata hivyo, kuna kitu kimoja kilichomo katika kila nyumba yenye mtoto mchanga ambacho lugha yetu, pamoja na utajiri wake wote, haijakipa kitenzi maalumu. Kitu hicho ni kichezeo.

Yamkini msomaji ataona kwamba haya ni mazoea ya wanaisimu, kuchambua maneno ilhali watu wana shida zao. La hasha. Jambo lenye kitenzi chake huwa na zamu yake katika kazi za nyumba. Vyombo zamu yake ni baada ya mlo, nguo zina siku yake, na sakafu hupigwa deki asubuhi kabla ya jua kupanda. Kichezeo hakina zamu. Huokotwa kilipoangukia, kikafutwafutwa, kikarejeshwa mkononi mwa mtoto, na kutoka mkononi kikaenda moja kwa moja kinywani.

Hivi majuzi nilialikwa chakula cha mchana katika nyumba moja ya Kibokoni, si mbali na Ngomeni. Mtoto wa miezi minane alikuwa ameketi mkekani na bata wake wa plastiki. Bata akamponyoka, akaviringika hadi mlangoni penye viatu vya wageni. Mama wa mtoto akamwokota, akampangusa kwa ncha ya leso, akamrudisha kwa mwenyewe.

"Mwanangu, huyo bata umemwosha?" akauliza mama mkwe wake.

"Nimempangusa, mama."

"Kupangusa si kuosha. Na mwiko ukianguka hapo penye viatu, utaupangusa ukorogee wali?"

Watu walicheka, na yule mwali akacheka nao. Lakini kwa maneno yale machache yule mama alikuwa amemaliza hoja ambayo mimi nahitaji nusu ya ukurasa huu kuieleza.

Mtoto mchanga hachezi na kichezeo kwa maana tunayoijua sisi watu wazima. Hukila. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne huanza kupeleka mkono kinywani, na afikapo mwezi wa sita kila akishikacho hukipeleka huko huko. Huo si utovu wa adabu wala si dalili ya njaa. Mdomo na ulimi ndivyo vyombo vyake vya kwanza vya elimu. Kwavyo hujua kigumu na laini, baridi na moto. Tabia hii hupungua polepole katika mwaka wa pili na wa tatu. Sasa, maadamu kitu kinaingia kinywani mara mia kwa siku, pahala pake ni pamoja na kijiko na kikombe. Hakina haki ya kuhesabiwa pamoja na viti na makabati. Nao wanaouliza kichezeo kioshwe mara ngapi, na swali hili nimelisikia katika nyumba nyingi, kwa vijana na kwa wazee, nami nawauliza: kijiko cha mtoto mwakiosha mara ngapi?

Kwa hiyo, kichezeo kinachotiwa kinywani kioshwe kila siku, zamu yake iwe pamoja na vyombo vya jioni, kwa sabuni ile ile na maji yale yale. Kikianguka chooni, uani, barabarani au penye viatu, kioshwe pale pale kabla hakijarudishwa. Kisichotiwa kinywani chaweza kungoja juma zima. Mwanasesere wa kitambaa na afuliwe pamoja na nguo za mtoto, kisha aanikwe juani mpaka akauke hadi ndani, kwa sababu pamba iliyobaki na unyevu huota kuvu, na hewa yetu ya pwani haina haraka ya kukausha kitu. Kigari cha mbao kisirowekwe, kwani mbao hunywa maji ikapasuka, na nyufa zikawa maficho ya uchafu. Kipitishwe kitambaa chenye sabuni, kifuatiwe na kitambaa cha maji safi, basi. Kichezeo chenye betri hali kadhalika.

Wale bata wa kuogea, wenye tundu tumboni ili walie wakibanwa, nina neno nao. Mwaka 2018 wataalamu wa Uswisi na Marekani walichapisha uchunguzi wa vichezeo vya aina hiyo vilivyotoka katika nyumba za watu. Walipovipasua waliona kwamba ndani vilikuwa vimepakwa utando wa bakteria na kuvu, ilhali nje vimeng'aa. Hakuna sabuni ifikayo humo. Bata wa namna hiyo ama azibwe tundu lake angali mpya, ama akamuliwe maji yote kila baada ya kuoga, na akianza kutoa maji meusi atupwe.

Yapo pia yale ambayo hatuyaiti vichezeo ilhali ndiyo mtoto ayapendayo kuliko vyote: simu ya mama, funguo za baba, kidhibiti cha televisheni, ncha ya leso, mkufu. Simu imekwenda Marikiti pamoja na mwenyewe, imeshikwa kwa mkono uliohesabu noti na kupokea samaki, pengine imeingia hadi msalani, halafu jioni hupewa mtoto ili anyamaze. Nimeona nyumba ambamo kayamba la mtoto huchemshwa kila asubuhi na simu haijapanguswa tangu inunuliwe. Anayetaka kujua ni nini hasa cha kuosha na amkalie mtoto kwa saa moja tu, aandike kila kilichoingia kinywani. Orodha hiyo haitafanana na vitu vilivyomo katika kapu la vichezeo.

Aidha, vichezeo viwe vichache. Arusi na akika zetu siku hizi huleta mizigo ya plastiki kutoka Dubai na Uchina, na mtoto wa mwaka mmoja hujikuta amezungukwa na vitu hamsini. Hakuna awezaye kuosha vitu hamsini kila siku katika mji usio na maji. Vitano vikae nje, vingine vifungiwe kabatini, na baada ya siku chache vibadilishane. Mtoto ataviona vya kabatini kama vipya, na mama atakuwa amepunguziwa kazi.

Nimetaja maji, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Sabuni haihitaji kuua kitu ili ifanye kazi. Hulegeza mafuta na utelezi unaogandamanisha uchafu na viini vya maradhi juu ya kichezeo, kisha maji hubeba vyote vikaenda zake. Ndiyo maana virusi vya rota, ambavyo ni vigumu kuuawa na vyaweza kukaa juu ya plastiki kwa siku kadhaa, huondoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa. Lakini kama maji ya kusuuzia yenyewe yana viini, kazi yote imebatilika. Kichezeo kitakuwa kimetolewa mate ya mtoto mwenyewe, ambayo hayana dhara kwake, kikapakwa maji ya kisima kilicho hatua chache kutoka shimo la choo.

Kisiwa cha Mombasa hakina mto wala chemchemi ya kutosheleza mji. Maji yetu ya mfereji husafiri: mengine hutoka Marere katika milima ya Shimba, mengine Baricho kando ya mto Sabaki, na mengine huja kwa bomba lililotandazwa katika miaka ya 1950 kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Yafikayo hayatimizi hata nusu ya mahitaji. Kwa hiyo twaishi kwa mgao, na siku za ukavu twaishi kwa mkokoteni wa mitungi na kwa visima. Mji wa Kale una visima vingi, ndani ya nyua za nyumba na ndani ya misikiti, vilivyochimbwa na wazee wetu wakati watu walikuwa wachache na vyoo vilikuwa vichache. Leo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa mmoja ina jamaa watano au sita, vyoo vingi ni vya mashimo, mabomba ya maji taka hayajafika sehemu kubwa ya mji, na jiwe la matumbawe tulilojengea na tulikalialo lina matundu kama sifongo. Kimwagwacho katika shimo hili huchuruzika hadi kisima kile. Chumvi iliyomo twaionja, viini hatuvionji.

Na hapa lugha imetuponza kidogo. Tuna maneno mawili tunayoyatumia kana kwamba ni pacha: safi na tohara. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini yana kazi mbalimbali. Maji mengi ambayo rangi, ladha na harufu yake havikubadilika ni tohara; mtu hutawadha kwayo na ibada yake ikasihi. Hilo ni suala la wanachuoni nami silitii mkono. Kinyesi kidogo sana kilichochuruzika kisimani hakibadilishi rangi, ladha wala harufu, ilhali chaweza kubeba viini vya kumwendesha mtoto mpaka macho yakadidimia. Maji hayo yanafaa kwa udhu. Hayafai kusuuzia kitu kitakachonyonywa na mtoto wa miezi saba mpaka yachemshwe au yatiwe dawa ya maji ya kunywa kwa kipimo chake. Mtu akifahamu kwamba haya ni mambo mawili, hataona kwamba kuyatia dawa maji ya msikitini ni kuyatukana.

Kanuni nyepesi ni hii: maji ya mwisho yanayogusa kichezeo yawe ni yale ambayo ungethubutu kumnywesha mtoto. Maji ya kwanza, ya sabuni, hayana haja ya kuwa hivyo. Bakuli moja la maji yaliyochemshwa latosha kusuuza vichezeo vitano na vijiko pamoja, na maji hayo yakaja kutumika tena kupigia deki. Kisha vianikwe. Jua letu, tunalolilalamikia mchana kutwa, ni tabibu wa bure: viini vingi vya bakteria hudhoofika vikikauka, cha kipindupindu kikiwa miongoni mwavyo. Kukausha kwa kitambaa cha jikoni, kilichopangusa meza na mikono ya watu wanne, ni kurudi pale tulipoanzia.

Sasa tuingie katika dawa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipotufikia, wanahabari wa Kiswahili walihitaji jina la ile dawa ya kupaka mikononi. Wenzetu wa Tanzania wakasema vitakasa mikono, na huku Kenya wengine wakafufua kitenzi cha kale, kueua, wakapata vieuzi. Kueua kulikuwa ni kumwondolea mtu au mahali janga au uchafu usioonekana kwa macho. Naliona neno hilo limefaa mno, nami nalipendekeza kwa kazi hii pia, kwa sababu neno "safisha" limebebeshwa mzigo usio wake. Kuosha ni kuondoa, kusuuza ni kumalizia, kueua ni kuua viini vilivyobaki. Mabango mengi ya afya huridhika na kusema kwamba vifaa vya mtoto visafishwe "mara kwa mara". Mara kwa mara ni mara ngapi? Visafishwe ni vifanyweje? Mama aliyepangusa kwa leso naye amesafisha, kwa ushahidi wake mwenyewe, na bango halina la kumjibu.

Kuosha na kusuuza ni kwa kila siku. Kueua si kwa kila siku. Kuna nyakati zake: mtoto anapoharisha au kutapika, au aliye nyumbani anapougua hivyo, kipindupindu kinapotangazwa mjini, au kichezeo kinapotoka kwa mtoto mwengine aliyekuwa mgonjwa. Wakati huo kioshwe kwanza kwa sabuni, kwani dawa ya klorini hushughulikia uchafu ulio mbele yake kabla ya viini, ikaishiwa nguvu. Kisha kitiwe katika maji ya dawa. Kama kibandiko cha chupa chasema kwamba klorini yake ni asilimia 3.5, vijiko sita vya chai katika lita moja ya maji vyatosha. Kikae humo dakika kumi, kitolewe, kisuuzwe vyema kwa maji ya kunywa, kianikwe. Chuchu za chupa za maziwa, ambazo kwa hakika ni za hatari kuliko vichezeo vyote nilivyovitaja, zioshwe kila baada ya kunyonyewa, na kuchemshwa kwa dakika tano.

Lakini dawa hii ina ghadhabu zake. Isichanganywe na siki wala ndimu, wala na dawa ya choo yenye tindikali. Huzuka hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Nataja ndimu kwa makusudi, kwa sababu kila jikoni ya Mji wa Kale huitumia kuondoa shombo, na wapo wanaodhani kwamba wakiziweka pamoja watapata usafi maradufu. Dawa iuzwayo kwa kupimwa katika chupa zilizokwisha kutumiwa haijulikani nguvu yake, hivyo haina kipimo. Na asiihifadhi mtu katika chupa ya soda. Mtoto aliyekwisha kujua kufungua chupa hajui kusoma.

Upo uchafu ambao hauoshwi wala haueuliwi, nao ni rangi yenye risasi. Mombasa haina udhuru wa kutolijua jambo hili. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu huko Owino Uhuru, upande wa bara, kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwapa wakazi hao fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa na misukosuko, Mahakama ya Upeo ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Walioumia zaidi walikuwa watoto, maana ndio watiao vidole na vitu vinywani. Kichezeo cha bei ya chini kinachobanduka rangi hakifai kuoshwa. Hakifai kuwamo nyumbani.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na mgala muue na haki yake umpe. Wapo wazee, na siku hizi wapo na madaktari, wanaosema kwamba usafi wa kupita kiasi humdhoofisha mtoto. Mwaka 1989 daktari wa Kiingereza, David Strachan, aliandika kwamba watoto wenye ndugu wengi hawasumbuliwi sana na mafua ya mzio, akabuni kwamba pengine maambukizo ya utotoni huufunza mwili. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi waliochunguza watoto 184 waligundua kwamba wale ambao wazazi wao walizinyonya chuchu za mpira zilizoanguka, badala ya kuzisuuza, hawakupata ukurutu na dalili za pumu kwa wingi kama wenzao. Mama zetu wa Mvita wamefanya hivyo tangu zamani bila kungoja utafiti. Mimi siikatai hoja hii. Ndiyo sababu nimesema kwamba kueua si kwa kila siku, na mtoto aachwe acheze na nduguze na agusane na watu. Lakini mate ya mzazi mwenye afya njema katika mji wa Uswidi si kitu kimoja na maji ya shimo la choo. Anayesema "uchafu humjenga mtoto" na aseme ni uchafu upi.

Sasa nifike kwa wale ambao hawaoshi vichezeo lakini wanahusika kuliko wote.

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bangladesh vijijini. Watafiti walitaka kujua ni nyumba zipi zilizo na kinyesi katika mazingira yake, na badala ya kuuliza maswali waliwapa watoto mipira safi ya kuchezea. Baadaye waliirudia, wakaiosha, wakayapima yale maji. Mpira ulisema yote. Nyumba yenye choo kizuri kisichoshirikiwa na jirani ilitoa mpira wenye nafuu, na nyumba isiyokuwa nacho ikajulikana kwa mpira wake. Nimeutafakari sana utafiti huo. Kichezeo ni shahidi. Kinatoa ushahidi juu ya choo, juu ya mfereji, juu ya kisima na juu ya jaa la mtaa, hata pale ambapo mama amekiosha jana.

Hapa kwetu, mwaka 2018, yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusisha zaidi ya wanawake 8,000 wajawazito katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga. Baadhi yao walipewa dawa ya maji, wengine vyoo bora, wengine sabuni na mahali pa kunawia, wengine vyote pamoja. Kuhara kwa watoto wao hakukupungua. Wapo walioyasoma matokeo hayo wakasema kwamba, basi, usafi hauna maana. Mimi nayasoma vingine. Nyumba moja ikitengenezwa huku mtaa umeachwa kama ulivyo, uchafu hurudi kwa mlango mwingine. Ilhali jambo lililofanywa na serikali kwa wote lilileta matunda: chanjo ya rota ilipoanza kutolewa nchini Julai 2014, watoto waliolazwa kwa ugonjwa huo katika hospitali ya Kilifi walipungua kwa kiasi kikubwa. Mzazi ambaye hajampeleka mwanawe kuchanjwa lakini anaroweka vichezeo kila usiku amekosea mpango wa kazi.

Kwa hiyo huniudhi kila kipindupindu kinapozuka, kama kilivyozuka nchini mwaka 2015 na 2017 na tena mwishoni mwa 2022, kuwasikia wakubwa wakiwahutubia akina mama juu ya usafi. Wa kuoshwa, kuosha na kulaumiwa ni wale wale. Bomba ambalo maji hupita siku mbili kwa juma, na siku nyingine hupita usiku wa manane watu wakiwa wamelala, halikuwekwa na mama wa Kuze wala wa Mlango wa Papa. Msichana wa miaka kumi na miwili anayepandisha mtungi wa lita 20 hadi ghorofa ya tatu ya nyumba ya ngazi za mbao anajua bei ya kila kikombe cha maji, na hatakitumia kusuuzia bata ikiwa hakuna aliyemweleza kwa nini. Akielezwa na akakitumia, kesho atapandisha mtungi mwingine.

Yapo mambo ya miaka mingi, kama Bwawa la Mwache huko Kwale na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ambayo tulitangaziwa tangu 2018. Hayo tumezoea kuyangoja. Lakini yapo yasiyohitaji bwawa. Kaunti ina maofisa wa afya ya jamii na ina maabara. Kila kisima cha Kisiwani kipimwe, na matokeo yabandikwe juu ya kisima chenyewe, kwa Kiswahili kinachoeleweka: maji haya ni ya kufulia na kutawadhia, au maji haya ni ya kunywa. Ratiba ya mgao itangazwe kwa mtaa na kwa saa, nayo ifuatwe. Na katika kila kliniki ya watoto, kuanzia hospitali kuu ya Makadara hadi zahanati ndogo za mitaani, neno "safisha" liondolewe ukutani na mahali pake paandikwe ni kitu gani cha kuosha, kwa maji yapi ya kusuuzia, na ni lini cha kueuliwa. Kazi ya kuyaandika maneno hayo haina gharama kubwa. Sisi tunaofundisha lugha katika vyuo vya Pwani tuko tayari kuifanya bila malipo, na wanafunzi wetu watafurahi kupata kazi ambayo itasomwa na mtu mwingine asiyekuwa mtahini wao.